Kamisheni ya Mkupuo, Deni la Mkupuo

Dada yangu, yaani mtoto wa mama mkubwa, alipata kazi ya kuuza bima ya mazishi siku ya Ijumaa. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alikuwa kwenye ofisi moja hapa katikati ya Durban, amepewa daftari jipya na kalamu, anaambiwa aandike majina mia moja. Siyo ya wateja. Ya watu anaowajua.

Alianza na sisi. Mama yangu, namba moja. Mama mdogo anayeuza vitenge sokoni, namba mbili. Mjomba anayelinda magari South Beach, namba tatu. Halafu dada wa saluni, mchungaji, mke wa mchungaji. Mimi nilikuwa namba kumi na nne, nyuma ya mpiga kinanda wa kanisa, na mpaka leo sijamsamehe.

Jioni alirudi macho yanang'aa. Wangemlipa R1,200 kwa kila mtu atakayesaini, pesa yote mkupuo, mwezi ule ule. "Watu wanne tu kwa mwezi," aliniambia, "na nimeshapata mshahara." Sikuwa na la kujibu. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa napata kidogo kuliko hapo.

Miezi minane baadaye alikuwa anadaiwa na ofisi ile ile.

Baada ya kipindi chetu cha kazi za kamisheni, swali lililorudi mara nyingi lilikuwa hili: asilimia ngapi ni haki kwa wakala mpya wa bima? Jibu fupi ni kwamba asilimia peke yake haisemi kitu. Uliza kwanza pesa inakuja lini, na nani anailipa bima ikikatika. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Chukua chai.

Kwa nini wanatutafuta sisi

Msiba ukitokea kwetu, simu zinaanza kulia kabla hata maji ya chai hayajachemka. Orodha inafunguliwa WhatsApp: fulani R200, fulani R100, familia fulani kreti mbili za soda. Kama familia inataka kumrudisha marehemu Bukavu au Lubumbashi, hiyo siyo gharama ya nyumba moja. Ni ya mtaa mzima, na kanisa, na watu wa Johannesburg na Cape Town juu yake. Majirani zetu Wazulu nao wana vyama vyao vya kuzikana na stokvel zao. Wazo ni lile lile: mtu hazikwi na mtu mmoja.

Kampuni za bima zinalijua hilo vizuri sana. Zinajua pia kwamba mama mdogo hatasaini karatasi ya mtu asiyemjua. Atasaini ya binti yake. Kwa hiyo wakala mpya anapoajiriwa, kinachonunuliwa siyo ujuzi wake, maana bado hana. Kinachonunuliwa ni daftari lake la majina. Ukilielewa hilo, utaanza kuona kamisheni kwa jicho jingine. Wewe haupewi zawadi. Unauza kitu, na kitu chenyewe ni imani ya watu wako.

Sheria inasema nini kuhusu asilimia

Afrika Kusini inaweka kikomo kwa baadhi ya kamisheni. Kwa bima ya gari, kampuni hairuhusiwi kumlipa wakala zaidi ya asilimia 12.5 ya ada. Kwa bima nyingine za mali, kama ya nyumba na vyombo vya ndani, kikomo ni asilimia 20. Ukisikia mtu anakuahidi asilimia 30 kwa bima ya gari, ondoka polepole bila kuaga.

Bima ya maisha ina hesabu yake, na ni ndefu kidogo. Kikomo cha mwanzo ni asilimia 3.25 ya ada zote zitakazolipwa katika muda wa mkataba, mradi jumla isizidi asilimia 85 ya ada ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili unaongezewa theluthi ya kiasi kile. Tuchukue mteja anayelipa R300 kwa mwezi, yaani R3,600 kwa mwaka. Mkataba wake ukiwa wa miaka 10, ada zote ni R36,000, kwa hiyo kamisheni ya mwanzo haizidi R1,170, na mwaka wa pili R390. Mkataba ukiwa wa miaka 30, hesabu ingefika R3,510, lakini kikomo cha asilimia 85 kinaisimamisha kwenye R3,060, na mwaka wa pili R1,020. Jumla R4,080.

Umeona? Hiyo ni zaidi ya ada ya mwaka mzima wa mteja. Kampuni inamlipa wakala pesa ambayo mteja bado hajaileta. Kumbuka hilo, maana shida yote inatoka hapo.

Na hivyo ni vikomo vya kile kampuni inachotoa, siyo kile utakachokishika mkononi. Ukiwa chini ya ofisi ya dalali, ofisi inakata chake kwanza. "Asilimia 80" ya tangazo inaweza kuwa asilimia 80 ya kipande kilichobaki. Ukiwa wakala wa kampuni moja tu, malipo yako yanaweza kuja kama mshahara, posho na bonasi, lakini kanuni zinataka jumla ilingane na ile ambayo ingepatikana kwa njia ya kamisheni.

Sasa bima ya mazishi. Hapo kikomo hakuna. Sababu inaeleweka: ada ni ndogo, na asilimia 3.25 ya pesa ndogo isingemtoa mtu kitandani. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango wanaoingilia vijana wengi ndio usio na bawaba. Kampuni moja inaweza kulipa nusu ya ada ya mwaka siku ya kwanza, nyingine ikalipa kidogo kidogo kila mwezi, na zote ziko sawa kisheria. Mkataba wako ndiyo sheria yako. Kwa hiyo usome, tena kwa miwani kama unayo.

Tupige hesabu

Hebu tuweke mikataba miwili mezani. Mteja ni yule yule, analipa R200 kwa mwezi, R2,400 kwa mwaka.

Mkataba wa kwanza ndio ule wa dada yangu. Unapata nusu ya ada ya mwaka, R1,200, mkupuo. Bima ikikatika ndani ya miezi 24, unarudisha sehemu ya miezi iliyobaki.

Mkataba wa pili unakupa asilimia 20 ya kila ada inayoingia. Yaani R40 kila mwezi, kwa muda wote mteja anapolipa. Haurudishi kitu kwa sababu haujapewa kitu kabla ya wakati.

Kipimo chetu kiwe kima cha chini cha mshahara cha nchi hii. Kuanzia Machi 2025 kilikuwa R28.79 kwa saa. Kwa saa 160 za kazi kwa mwezi, hiyo ni karibu R4,606.

Kwa mkataba wa kwanza unahitaji wateja wanne wapya kila mwezi: R4,800. Kwa mkataba wa pili unahitaji wateja 116 wanaolipa. Ukileta kumi kila mwezi na asitoke hata mmoja, utafika hapo baada ya karibu mwaka. Mpaka hapo utakuwa umekula nini?

Ndiyo maana hakuna anayemlaumu kijana akichagua mkupuo. Watu wanne! Nani hana shangazi wanne?

Lakini songa mbele mpaka mwezi wa saba. Shangazi wameisha. Sasa unatafuta wateja kwenye teksi na kwenye foleni ya duka. Bado unafanikiwa kuleta wanne, R4,800. Mwezi huo huo wale wanne wa kwanza wanaacha kulipa, baada ya ada sita. Kwa kila mmoja umeshastahili miezi 6 kati ya 24, yaani R300. Zilizobaki, R900, zinarudi ofisini. Mara wanne, R3,600.

Unabaki na R1,200 kwa mwezi mzima wa kazi. Gawanya kwa saa 160, unapata R7.50 kwa saa. Hujatoa nauli wala data.

Upande wa pili, mkataba wa asilimia 20 unaufikia ule wa mkupuo mwezi wa 30, na baada ya hapo unaupita. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini kibaba kinachojaa baada ya miaka miwili na nusu hakilipi kodi ya chumba cha Albert Park mwezi huu. Kwa hiyo hakuna kati ya mikataba hii miwili, kama ilivyo, unaomfaa mtu anayeanza.

Kwa nini bima za watu wetu hukatika

Tuwe waaminifu: kampuni ina sababu ya kudai pesa yake irudi. Wako mawakala walioandika wateja hewa, wakachukua mkupuo, wakatoweka. Wako waliomdanganya mzee kwamba bima inalipa kesho yake. Kama pesa isingerudishwa kabisa, kila mtu angeuza chochote kwa yeyote.

Shida ni kwamba kanuni ile ile inamkamata mwongo na mkweli kwa kamba moja. Wateja wa dada yangu hawakuacha kulipa kwa sababu walidanganywa.

Mama mdogo ana karatasi ya mkimbizi. Tarehe ilipita, miadi ya kuibadilisha ikachelewa, benki ikafunga akaunti yake. Nyinyi mnalijua hili, wengi wenu mmekaa kwenye foleni hizo mkiwa na madaftari ya shule mapajani. Akaunti ikifungwa, makato ya bima hayapiti. Kanuni zinampa mteja muda wa nyongeza usiopungua siku 15, lakini karatasi haipatikani kwa siku 15.

Mjomba analipwa kwa sarafu, kwenye maegesho. Desemba anacheka, Juni ufuo ni mtupu. Makato ya tarehe mosi hayajui msimu.

Na Januari ni Januari. Sare, viatu, ada ya shule. Kati ya bima ya kifo na viatu vya mtoto, mama yeyote atachagua viatu, na atakuwa sahihi.

Bima inapokatika, anayeumia wa kwanza siyo wakala. Ni mteja. Akianza upya anaweza kuwekewa tena kipindi cha kusubiri, ambacho kwa kifo cha kawaida kinaweza kufika miezi 6. Miezi hiyo familia inarudi kwenye orodha ya WhatsApp kama vile haijawahi kulipa senti.

Kwa hiyo wakala anayeuza kwa watu wenye maisha kama yetu anabeba hatari kubwa kuliko yule anayeuza kwa watumishi wa serikali wenye mshahara wa uhakika. Kwenye karatasi asilimia yao ni moja. Mfukoni si moja hata kidogo.

Kuna jambo jingine baya la mkupuo, na watu hawalisemi sana. Miezi 24 ikipita, pesa hairudishwi tena. Ndipo mwezi wa 25 wakala mwenye njaa anapoanza kumwangalia mteja wake mwaminifu kwa hamu. "Mama, kuna bima mpya nzuri zaidi." Anamhamisha, anapata mkupuo mwingine. Mteja hakupata kitu, na pengine amepoteza. Mkupuo unamlipa wakala kwa kumpata mteja. Haumlipi kwa kukaa naye.

Wewe ni mfanyakazi, au siyo?

Hili ni swali la zamani nchini humu. Mtu mmoja aitwaye Smit alikuwa wakala wa bima, analipwa kwa kamisheni. Aliumia kazini akadai fidia ya wafanyakazi. Mahakama ya juu ya rufaa ya wakati huo ikamwambia hapana: wewe si mfanyakazi, wewe unajitegemea. Hukumu yake, iliyochapishwa mwaka 1979, bado inafundishwa kwenye vyuo vya sheria. Mwaka 1998 wakala mwingine, Niselow, alishindwa vivyo hivyo kwenye kesi yake dhidi ya Liberty Life.

Lakini mwaka 2002 sheria ya kazi iliongezewa kifungu cha 200A, na hiki ukikariri hautajuta. Kinataja dalili saba. Je, kuna mtu anayekupangia namna ya kufanya kazi? Anakupangia saa? Wewe ni sehemu ya ofisi yake? Umemfanyia kazi wastani wa saa 40 kwa mwezi katika miezi mitatu? Unamtegemea yeye kwa kipato? Amekupa vifaa? Unamfanyia yeye peke yake? Kwa mtu ambaye kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa na serikali, dalili moja tu ikiwepo, sheria inakuchukulia kuwa mfanyakazi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo.

Sasa fikiria ofisi inayokuandikia "unajitegemea" kwenye mkataba, halafu inakutaka kikaoni kila siku saa moja na nusu asubuhi, na ukichelewa unapigwa faini. Karatasi inasema moja, saa ya ukutani inasema jingine. Ukiwa na mgogoro wa namna hiyo, CCMA wanapokea malalamiko bure, na wana ofisi hapa Durban. Kwa kufukuzwa kazi una siku 30 za kupeleka shauri lako. Usikae nayo moyoni miezi sita.

Na hili liliniuma zaidi nilipolisoma: pesa ya kamisheni haihesabiwi kwenye michango ya UIF. Kwa hiyo anayelipwa kamisheni tupu hachangii mfuko ule, na akikosa kazi hana cha kudai. Mtu anazunguka mji mzima akiuza kinga, mwenyewe hana hata mwavuli.

Haki iko wapi basi?

Mjadala huu haukuanzia kwetu. Mwaka 2014 wasimamizi wa fedha wa Afrika Kusini, ambao tangu 2018 wanaitwa FSCA, walitoa mapendekezo 55 kuhusu namna bima na uwekezaji unavyouzwa. Moja lilikuwa kwamba kamisheni ya bima ya maisha igawanywe: nusu mwanzo, nusu kadiri ada zinavyoingia. Australia wao walipunguza mkupuo hatua kwa hatua kuanzia 2018 mpaka ukafika asilimia 60 ya ada ya mwaka wa kwanza, na asilimia 20 kila mwaka baada ya hapo. Kote wazo ni lile lile: mlipe mtu kwa kukaa na mteja, siyo kwa kumkamata.

Mimi nakubaliana nao, ila naongeza la wakala mpya, ambaye kwenye mijadala ya wakubwa husahaulika. Ukimwondolea mkupuo bila kumpa kitu cha kula, umemfukuza. Atakayebaki kwenye kazi hii ni mtoto wa mtu mwenye pesa, na mtoto wa mtu mwenye pesa hajui njia ya kwenda kwa mama mdogo.

Kwa maoni yangu kiwango cha haki kwa anayeanza kina sehemu nne. Kwanza, mshahara wa msingi usiopungua kima cha chini, kwa miezi ya mwanzo walau sita, na uwe mshahara kweli, siyo mkopo wa kamisheni. Pili, asilimia ndogo ya kila mwezi inayoendelea maadamu mteja analipa. Tatu, kama kuna mkupuo wa kurudishwa, urudishwe kwa awamu, na sababu iangaliwe: benki kufunga akaunti ya mteja siyo kosa la wakala. Nne, ukiondoka kwa wema, wateja uliowaleta waendelee kukulipa walau kwa muda fulani. Usiache daftari lako mezani kwao ukatoka mikono mitupu.

Asilimia 12 yenye hayo manne ni bora kuliko asilimia 50 isiyo na hata moja.

Kabla hujasaini

Haya ni maswali ya kuuliza. Uliza kwa heshima, uliza kwa sauti, na jibu litoke kwa maandishi.

Kampuni ina leseni ya FSCA? Namba yake ni ngapi? Namba hiyo unaweza kuihakiki mwenyewe kwa FSCA.

Pesa ya miezi ya mwanzo ni mshahara au ni mkopo? Neno "posho" halitoshi. Uliza: nikiondoka mwezi wa tano, nitadaiwa?

Bima ikikatika, narudisha kiasi gani, kwa miezi mingapi, na mnaweza kukata kiasi gani kwa mwezi mmoja?

Nauli, data na simu ni za nani? Zikiwa zako, weka risiti na andika kilomita zako. Kama kipato chako kikubwa kinatoka kwenye kamisheni, sheria ya kodi inakuruhusu kutoa gharama za kazi.

Ada ya mtihani analipa nani? Ukitaka kwenda mbele zaidi ya bima ya mazishi, utahitaji kupita mtihani wa RE5, maswali 50, ndani ya miaka miwili tangu uteuliwe mara ya kwanza, na muda wote huo unafanya kazi chini ya msimamizi. Msimamizi wako ni nani? Ana watu wangapi chini yake?

Na moja la kujiuliza mwenyewe: je, huyu ninayemuuzia angeweza kulipa hata Januari? Kama jibu ni hapana, muuzie ndogo zaidi, au mwache. Ukidanganya kwenye fomu ili tu mkataba upite, kampuni ina wajibu wa kukuzuia kufanya kazi hii, na jina lako linaingia kwenye orodha ya FSCA ambayo mwajiri yeyote anaweza kuisoma. Umri wako 23, halafu jina limeshaharibika. Hakuna kamisheni inayolipia hilo.

Daftari

Dada yangu alilipa deni lake. Ilimchukua karibu mwaka, na kwa muda fulani alikuwa anakwepa ibada ya Jumapili, siyo kwa sababu ya Mungu bali kwa sababu ya mpiga kinanda. Dawa ya deni kulipa, lakini dawa yenyewe ilikuwa chungu.

Sasa yuko ofisi nyingine. Mshahara wa msingi unazidi kidogo kima cha chini, na anapata asilimia 12 ya kila ada inayoingia. Kwa mteja wa R200, hiyo ni R24 kwa mwezi. Mara ya kwanza aliponiambia nilicheka. Yeye hakucheka. Ana wateja sitini, kwa hiyo kila mwezi kuna R1,440 juu ya mshahara, na hamna mtu anayempigia simu kumwambia arudishe kitu.

Daftari ni lile lile la siku ya kwanza, lina doa la chai kwenye jalada. Ila amechora mstari upande wa kulia na kuongeza safu mpya. Nilidhani ni namba za simu. Kumbe ni tarehe ambazo karatasi za wateja wake zinaisha.

Jumapili iliyopita mama mdogo alimuuliza mezani, mbele ya watu, bila kuinua macho kwenye sahani ya sombe: "Mwanangu, ile bima yangu iko? Ao ilikufa tena?"

"Iko, mama mdogo," dada akajibu. "Lakini karatasi yako inaisha Agosti. Wiki ya kwanza ya Julai nitakuja tuombe miadi pamoja."